Chai ya Barafu Bangkok

Wasee, mimi ni mtoto wa Kericho. Kwetu jioni ni sweta na mvua. Sasa nishushe Bangkok mwezi wa nne: joto lilinikaba kama blanketi lililolowa! Watu wa boda wote wamevaa vizibao vya orenji, na ukizubaa watakupitia hadi kwa njia ya miguu.

Halafu nikanunua chai yao, cha yen. Rangi ya chungwa, maziwa mazito ya mkebe, barafu hadi juu. Tamu, sidanganyi. Ila kupata bei ya glasi hiyo moja, mamangu lazima achume kilo kadhaa za majani, na mashine zinaendelea kumpunguzia kazi. Sikuimaliza. Nilimtumia picha, akajibu, "Mbona wamekupa imepoa?"