Miaka Yangu na Azidi ya Fenili

Sehemu kubwa ya umri wangu wa kazi niliitumikia maabara moja ya kemia huko Marekani, na jamaa zangu wa pwani waliponiuliza nafanya nini, niliwajibu kuwa navunja kitu kwa nuru ili nione kitajijengaje upya, jawabu lililowachekesha ingawa halikuwa na uongo ndani yake.

Kitu chenyewe kilikuwa azidi ya fenili, mafuta ya rangi ya manjano yaliyotengenezwa kwanza mwaka 1864 na Peter Griess, Mjerumani aliyekuwa mkemia wa kiwanda cha bia huko Burton, Uingereza. Molekuli yake ni pete ya kaboni sita yenye mkia wa nitrojeni tatu, na mkia huo, ukipashwa moto pasipo hadhari, hulipuka. Kwa hiyo tuliiweka gizani penye baridi. Ilipopigwa na miali ya leza ya nanomita 266, ambayo jicho haliioni lakini yaweza kulipofua, nitrojeni mbili ziliondoka pamoja zikiwa hewa, ikasalia moja, na hiyo katika joto la chumba haikungoja: ndani ya nanosekunde moja hivi, muda ambao nuru yenyewe husafiri pungufu ya dhiraa, ilijipenyeza katika pete, na pete ya atomi sita ikawa ya atomi saba.

Mpigo wa leza yetu ulikuwa mrefu kuliko kisa chenyewe, ikatulazimu kuipoza sampuli ili mambo yaende polepole, na hapo ndipo nilipoliona jambo ninalolistaajabia hata leo: kadiri tulivyokaribia sentigredi 100 chini ya sifuri, nitrojeni ile ile, iliyozinduliwa na miali ile ile, iliacha kuipanua pete, elektroni yake moja ikageuza mzunguko, nayo nitrojeni ikakaa hata ikakutana na mwenziwe, zikaungana kuwa azobenzeni, jamaa wa rangi nyingi zitiwazo nguoni. Wageni walitaka kuonyeshwa leza, nami niliwaonyesha kwa taadhima, ilhali moyoni nilikienzi zaidi chombo cha baridi kilichofuka kando yake, maana ndicho kilichoamua njia.

Lakini bila ya kemikali iitwayo diethilamini ya kuinasa pete ya atomi saba, kazi ya joto la chumba aghalabu huishia kuwa utomvu wa kahawia ung'ang'aniao kioo, ambao wataalamu, wafasaha mno katika kueleza mawimbi, huupa mstari mmoja tu katika makala zao, ilhali sisi tuliousugua tungaliweza kuuandikia sura nzima.