Ndege ya Miili Miwili

Najua nimepotea. Makala yangu ya mwisho ilihusu hifadhidata na kuna walionitishia kunisusa nisipoleta sehemu ya pili. Itakuja, msijali. Leo naomba ruhusa niandike jambo ambalo kompyuta imo ndani yake kidogo tu: ndege ya kivita ya miili miwili niliyoiunda nyumbani kwetu Lamu nilipokwenda likizo. Msiitafute kwenye orodha ya jeshi lolote. Niliibuni mimi na kaka yangu tukiwa na miaka 9 na 11.

Asili ya ndege hii ni ugomvi. Kila tulipochora ndege nyuma ya daftari, tuligombania nani awe rubani. Siku moja kaka akachora miili miwili iliyounganishwa kwa bawa moja katikati, kila mwili na chumba chake cha rubani. Yeye kulia, mimi kushoto. Tukaiita Pacha, na ugomvi ukaisha (ule wa ndege, mwingine uliendelea).

Nilipofika chuo kikuu, usiku mmoja ambao nilipaswa kusomea mtihani wa aljebra, niligundua kwamba Wamarekani walikuwa wametutangulia. Ndege yao iliitwa F-82 Twin Mustang, iliyotokana na P-51 Mustang. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1945, ikawachelewa Vita vya Pili vya Dunia. Sababu yao ilikuwa nzito kuliko yetu: safari za kusindikiza ndege za mabomu juu ya bahari ya Pasifiki zilikuwa ndefu mno kwa rubani mmoja, kwa hiyo mmoja angeongoza na mwenzake apumzike. Mwaka 1947 moja ya ndege hizo ilitoka Honolulu hadi New York bila kutua, zaidi ya kilomita 8,000, kwa saa 14 na nusu hivi. Wajerumani nao walijaribu kuunganisha Messerschmitt mbili, lakini ile haikupata kuruka. Na msidhani ni mambo ya kale tu: mwaka 2019 Marekani iliruka Stratolaunch, yenye miili miwili na mabawa ya mita 117.

Basi nilipopata likizo ya wiki mbili nikaamua, Pacha lazima iundwe. Kwa mbao, kipimo cha 1 kwa 24. Mabawa sentimita 60, urefu 45, na kati ya mwili na mwili sentimita 18. Sababu ya kuchagua mbao ni kwamba baba yangu ni fundi. Huunda vijahazi vya mapambo, vile ambavyo wageni huvinunua wakaenda kuviweka sebuleni kwao Ulaya. Nilikulia katikati ya maranda.

Nilipofika nilikuta meza yake ina vumbi. Kijahazi kimoja kilikuwa nusu, hakina hata mlingoti. Nikamuuliza, akasema biashara imelala, wageni hawaji kama zamani. Nikaamini. Niliamini kwa sababu lilikuwa jibu rahisi, na akili yangu ilikuwa kwenye ndege.

Nikamwonyesha mchoro kwenye laptopu. Akausogelea sana, pua karibu iguse kioo, halafu akarudi nyuma.

"Ndege hii iliruka wapi?"

"Haijaruka popote, Baba. Haipo."

"Haipo, nawe wataka vipimo vyake?"

"Na mtepe je? Umepata kuuona ukitweka tanga?"

Hapo nilikuwa nimemshika. Kwa wasiojua, mtepe ni chombo cha visiwa vyetu kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Ulitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Leo wengi wetu tunaujua kwa modeli, kama iliyoko makumbusho ya Lamu. Baba ameunda mitepe midogo mingi, na hajapata kuuona mkubwa hata mmoja baharini.

"Mtepe ulikuwapo," akasema. Kisha akacheka. "Ndoo, lete hizo karatasi zako."

Mambo ya kitaalamu sasa, maana najua mmekuja kwa hayo. Nilichora kwa FreeCAD, nikaandika programu ndogo ya Python ya kukata mchoro vipande vya A4, kwa sababu printa ya saiba haina karatasi kubwa. Kila mwili ulichukua karatasi mbili, nikazibandika kwa gundi, nikazilaza juu ya ubao, nikachora, nikakata. Kila mwili una tundu la kupitisha bawa la katikati. Nilikagua kila kitu kwa rula, nikajisifu, nikampa baba.

Hakuitazama hata. Aliniambia, "Nitungie uzi," akaufunga kwenye omo ya mwili wa kushoto (kwake ndege ina omo na tezi kama chombo), akauvuta kwa kukingama hadi tezi ya mwili wa kulia, akapiga fundo. Akarudia kwa upande wa pili. Fundo halikufika. Nikapima: mkingamo mmoja sentimita 48.8, wa pili 48.2. Kama miili ingekuwa sawa, yote miwili ingekuwa 48.5. Mwili mmoja ulikuwa umeutangulia mwenzake kwa milimita 3. Kompyuta haikukosea na programu yangu haikukosea. Nilikosea mimi nilipobandika karatasi, na tundu la bawa likasogea. Dakika mbili kwa uzi! Mimi nilikuwa nimepima kila kipande peke yake, sikupima kipande kwa kipande. Wenzangu waandishi wa programu mnajua maumivu haya.

Kosa la pili lilikuwa langu kabisa. Nilichonga rafadha mbili kwa kunakili mchoro mmoja, kwa hiyo zote zilizunguka upande mmoja. Kwenye ndege halisi si jambo dogo. Twin Mustang ya kwanza ilikuwa na rafadha zinazozunguka kinyume, vizuri tu, lakini zote zilipandisha pezi zake upande wa katikati, pale kwenye bawa la kuunganisha. Ndege ikakataa kupaa. Upepo uliopanda uliliharibia bawa la katikati kazi yake. Dawa ikawa kubadilishana: injini ya kushoto na rafadha yake ikahamia kulia, ya kulia ikaenda kushoto, pezi zikawa zinashuka katikati, na ndege ikaruka. Naipenda sana hadithi hii kwa sababu kila kitu kilikuwa sahihi isipokuwa kilipowekwa. Nikachonga rafadha nyingine.

Vifuniko vya marubani tulivipata kwenye chupa ya soda. Unachonga kibao chenye umbo la kifuniko, unakiingiza ndani ya chupa iliyokatwa, unaizungusha juu ya jiko la makaa, na plastiki inasinyaa ikashika umbo. Chupa tatu ziliharibika kabla ya kupata mbili nzuri, na mama akatufukuza jikoni. Uzito wa mbele, ili ndege isikalie mkia, ni chubwi za mishipi, mbili kila pua.

Siku zote hizo baba alifanya kazi kwa mikono tu. Alipitisha kidole gumba juu ya mbao, akasema "hapa," nami nikipiga msasa hapo naona kweli palikuwa na kinundu. Nikawa namwandikia kaka, ambaye yuko Muscat, kwamba mzee ni bingwa, hahitaji hata kutazama. Nasoma ujumbe ule leo naona haya.

Tulipomaliza kupaka rangi baba akasema chombo hakitoki bila macho. Vyombo vya Lamu huwekwa macho pande mbili za omo, duara la rangi lenye kitone katikati. Miili miwili, kwa hiyo macho manne. Alitaka kuyapaka mwenyewe. Nikamwachia, nikaenda kuswali Alasiri. Niliporudi nilikuta amemaliza, amekaa kimya ananawa mikono. Nikapiga picha haraka jua lisipotee, nikaituma Muscat bila kuiangalia vizuri.

Jibu la kaka likaja kwa sauti, nami nikalicheza kwa nguvu ili baba asikie. Alikuwa anacheka. "Pacha imependeza, lakini mbona jicho la upande wangu liko kidevuni?"

Nikatazama. Jicho la nne lilikuwa chini ya mengine kwa upana wa kidole, na kitone chake kilikuwa nje ya duara. Nikaanza kucheka, nikageuka kwa baba. Hakuwa anacheka.

Rangi mbichi haipapaswi kwa kidole. Hilo tu ndilo lililomfichua.

"Baba, unaona kiasi gani?"

"Mato yangu hayana neno." Kwetu macho ni mato. "Ni jua."

Niliinua vidole, akanikemea kwamba mimi si daktari wake. Nikamkumbusha uzi aliotaka nimtungie, na laptopu aliyoigusa kwa pua, na kile kijahazi kisicho na mlingoti. Sauti zilipanda. Mama akatoka jikoni akasema neno moja, kwamba ni mwaka sasa, na kwamba alikatazwa kutuambia. Nilitoka nikaenda kukaa ufukweni hadi Magharibi. Nilikuwa na hasira naye, kisha nikawa na hasira na nafsi yangu, kwa kuwa ndimi ninayelipwa kutafuta hitilafu za watu.

Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alituambia kwamba lenzi ya jicho imeingia ukungu, hutolewa, na mahali pake hutiwa lenzi ya plastiki. Baba akakataa katakata. Plastiki ndani ya jicho? Siku nne hakutaka kulisikia.

Kilichomlainisha ni ndege. Usiku nilikuwa nasoma habari za lenzi hizo nikakuta jina la Harold Ridley, daktari wa macho wa Uingereza. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitibu marubani wa ndege za kivita. Vifuniko vya vyumba vyao vilikuwa vya plastiki ya akriliki, na vilipovunjwa na risasi, vipande viliwaingia machoni. Ridley akaona vipande vile vinaweza kukaa ndani ya jicho bila mwili kuvikataa. Novemba 1949, London, akamtia mgonjwa lenzi ya akriliki, ya kwanza duniani. Madaktari wenzake wengi walimpinga kwa miaka.

Nilimsimulia baba asubuhi, ndege ikiwa juu ya meza mbele yetu. Akanyoosha mkono, akakigusa kile kifuniko cha chupa ya soda, upande wa kaka.

"Yaani watanitia kioo cha ndege."

"Cha ndege ya kivita, Baba."

Akafikiri. "Na wale marubani waliona?"

Sikuwa na jibu la uhakika kuhusu marubani. Nikamwambia ya wagonjwa wa leo. Kaka akatuma fedha, mimi nikaomba ofisini siku za ziada na kufanya kazi nikiwa barazani, tukavuka kwenda Mokowe tukapanda basi la Mombasa. Jicho la kulia lilifanywa kwanza. Nilisubiri nje nikiwa na laptopu mapajani, sikuandika hata mstari mmoja. La kushoto limepangiwa mwezi ujao.

Tuliporudi Lamu, bado anavaa miwani myeusi, alikwenda moja kwa moja mezani. Nilidhani atalitazama lile jicho la kidevuni, nami nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia tuliache vilevile. Hakulijali. Aliinua Pacha juu, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwenye bawa la katikati, pale nilipopaka mstari mwekundu kwa mkono wangu mwenyewe na kujisifia kwa kaka.

"Mstari huu kaupaka nani?"

"Mimi, Baba."

"Umepinda. Lete msasa."