Kiapo cha Mchana

Jumatatu ya tarehe 21 Januari 2013 ilikuwa sikukuu Marekani nzima, siku ya kumkumbuka Martin Luther King. Mwanamke mmoja mzaliwa wa Mombasa, mtunzaji wa wazee mjini Minneapolis, alijaliwa kutokuwa na zamu. Aliamka alfajiri kama kawaida yake, akakanda unga wa mahamri, akateleka mbaazi za nazi, kisha akatenda jambo ambalo hakuwa amelitenda kwa miaka mitano: aliwaalika kwa pamoja rafiki zake wawili, bwana mmoja wa Kisumu na bibi mmoja wa Nakuru, waje kutazama Barack Obama akiapishwa kwa muhula wa pili.

Zamani wawili hao hawakuhitaji mwaliko. Urafiki wao ulivunjika Januari 2008, katika sebule hiyo hiyo, wakati habari za nyumba zilizochomwa na watu waliouawa zilipokuwa zikiwafikia kwa simu, kila mmoja kutoka kwao. Yalisemwa maneno yasiyosemwa mbele ya chakula. Tangu hapo mwenyeji aliwakaribisha kwa zamu, huyu Jumamosi, yule Jumapili, asimwambie mmoja kwamba mwenzake alikuwapo jana yake.

Walifika wamejitanda makoti mazito, wakasalimiana kwa adabu ya wageni. Televisheni iliwaokoa. Saa tano za asubuhi zilipokaribia, Obama aliweka mkono juu ya Biblia mbili, ya Lincoln na ya King, akaapa.

“Si ulisema aliapishwa jana?” bibi wa Nakuru alimuuliza mwenyeji. Aliyejibu ni bwana wa Kisumu, aliyewahi kuwa mwalimu na ambaye hangeweza kuliacha swali lipite. Muhula, alieleza, humalizika saa sita mchana tarehe 20 Januari. Kwa kuwa ilikuwa Jumapili, kiapo cha kisheria kililiwa Ikulu mbele ya watu wachache, na leo kinarudiwa mbele ya umma. Tena mwaka 2009 Jaji Mkuu alikosea mpangilio wa maneno, wakarudia kesho yake. Hiki kilikuwa cha nne.

“Viapo vinne kwa mihula miwili,” bibi alistaajabu.

“Sisi kimoja tu kilitutosha. Tena magharibi.”

Kimya kilitanda. Hakuna aliyehitaji kukumbushwa tarehe 30 Desemba 2007, Mwai Kibaki alipoapishwa Ikulu ya Nairobi giza likiingia, muda mfupi tu baada ya matokeo kutangazwa. Mwenyeji alishika birika, ingawa vikombe vilikuwa bado vimejaa.

“Jioni ile nilipiga vigelegele, ndugu yangu,” bibi alisema bila kuinua macho. “Nilikuwa peke yangu. Sikufikiri wewe unatazama nini.”

Bwana hakujibu upesi. Katika televisheni, sherehe ilikuwa imekwisha. Obama aligeuka mlangoni, akasimama kuutazama tena umati uliojaa uwanjani.

“Na Nakuru ilipowaka,” alisema hatimaye, “sikukupigia simu kuuliza hali ya kwenu. Nambari yako nilikuwa nayo, dada.”

Hawakukumbatiana, wala hakuna aliyelia. Bibi alimsogezea sahani ya mahamri, naye akachukua moja. Mazungumzo yakaelekea nyumbani, kwenye uchaguzi wa tarehe 4 Machi. Wakenya wa Marekani hawakupewa nafasi ya kupiga kura. Wangetazama tu, kama walivyotazama leo. Bwana alitaja kwamba katiba ya 2010 inataka rais aapishwe hadharani, na sheria ya 2012 imeweka saa zake: kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana.

“Kumbe jua nalo limefanywa shahidi,” mwenyeji alisema.

“Shahidi mmoja hatoshi,” bibi alijibu. “Siku ya matokeo tukae hapa, sote.” Akamtazama bwana. “Hata yakiwa mabaya kwangu. Hata yakiwa mabaya kwako.”

“Hapa hapa,” bwana aliitikia.

Jioni theluji ilianza kuanguka, na bwana alikuwa amekuja kwa basi. Mwenyeji alitoa mifuko miwili ya kuwafungia mahamri yaliyobaki, kisha akaurudisha mmoja kabatini. Walikuwa wakiondoka kwa gari moja.