Jua halitoshi, mama

Wiki ile nilitangaza redioni, hapa Bukavu, kwamba mama mjamzito mwenye upungufu wa vitamini D anaweza kushikwa na maambukizi kwa urahisi, na kwamba jua linatupatia vitamini hiyo bure. Nilitoka studio nikijisifu.

Siku chache baadaye mke wa kaka yangu, mwenye mimba ya miezi saba, alianza kutetemeka kwa homa. Mkojo ulikuwa ukimchoma tangu juzi yake. Nikamuuliza kwa nini hakwenda kituo cha afya. Akanijibu: "Shemeji, si wewe ulisema tuote jua? Naota kila asubuhi."

Nilikosa neno. Tulimpandisha pikipiki saa ile ile. Walipima mkojo, wakakuta maambukizi, wakampa antibiotiki inayofaa kwa mjamzito. Muuguzi alinieleza kwamba maambukizi ya mkojo yakichelewa kutibiwa yanapanda hadi kwenye figo na yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati.

Kwa hiyo leo najisahihisha. Ni kweli ngozi inatengeneza vitamini D ikipigwa na jua, na tunaipata pia katika kiini cha yai na samaki wenye mafuta. Inajenga mifupa, na chembe za kinga za mwili zinaitumia. Watafiti wameona akina mama wenye upungufu wake wakipata zaidi maambukizi fulani, kama yale ya ukeni. Lakini mambo mawili kuonekana pamoja si kusema moja limezaa lingine. Shirika la Afya Duniani halishauri kila mjamzito apewe vidonge vya vitamini D; linamfikiria yule anayedhaniwa kuwa na upungufu. Linachosisitiza kwa wote ni vidonge vya chuma na asidi ya foliki, na kuonana na wahudumu wa afya mara 8 kabla ya kuzaa.

Hayo mimi sikuyasema. Nilisema nusu, na nusu ile ilimweka shemeji yangu uani siku mbili na homa yake.

Alijifungua salama, mtoto wa kike. Mama unayenisoma, ota jua, na ukipata sambaza, kula. Ila mkojo ukichoma au homa ikipanda, usingoje kesho: nenda CPN. Na mimi nitapima maneno kabla ya kushika mikro.