Michezo ya simu: klasi iliyopangwa au ya kujitengenezea?

Beni – Mjini Beni kuna nyumba nyingi ambamo familia moja imekuwa mbili. Watu waliokimbia vijiji vyao kwa sababu ya vita wanapokelewa na ndugu zao, na watoto wa pande zote wanagawana kitanda, chakula na simu. Jioni, kazi zikiisha, vijana wanacheza michezo ya kupigana risasi kwenye mtandao. Wazazi wanaona bunduki tu. Lakini ndani ya michezo hiyo kuna swali linaloweza kuleta ugomvi nyumbani: nani anapanga vifaa vya mchezaji? Ni mchezo, au ni mchezaji mwenyewe?

Swali hilo linahusu kitu kinachoitwa klasi. Hii si klasi ya shule. Ni kazi ya mchezaji katika timu, pamoja na silaha na uwezo anaoingia nao. Kuna njia mbili. Katika njia ya kwanza, waliotengeneza mchezo wameshapanga yote: unachagua kuwa mganga, fundi au mdunguaji, na unapewa vifaa vya kazi hiyo. Katika njia ya pili, mchezaji anachagua mwenyewe bunduki, bomu la mkono na uwezo wa ziada, anaunganisha anavyotaka.

Njia hizo mbili zilionekana wazi mwaka 2007. Oktoba ya mwaka huo kampuni ya Valve ilitoa Team Fortress 2, yenye klasi tisa. Heavy ana pointi 300 za uhai lakini anatembea polepole. Scout ana 125 tu, lakini anakimbia kuliko wote. Medic anatibu wenzake, na akishatibu vya kutosha anaweza kumkinga mwenzake asidhurike kwa sekunde 8. Hata maumbo ya miili yao yalichorwa tofauti, ili mchezaji amtambue adui kutoka mbali na kujua ni hatari gani inakuja. Silaha za kubadilisha zilianza kuongezwa baadaye, mwaka 2008, lakini kazi zilibaki zile tisa.

Mwezi uliofuata, Novemba 2007, ikatoka Call of Duty 4: Modern Warfare. Humo mchezaji akifika ngazi ya 4 anaruhusiwa kujitengenezea klasi, na ana nafasi tano za kuzihifadhi. Bunduki na uwezo vinafunguka kidogo kidogo mpaka ngazi ya 55. Anayecheza sana anapata vingi vya kuchagua. Michezo mingi iliyokuja baadaye ilifuata njia hiyo.

Katika nyumba moja ya Beni, njia hizo mbili zilikutana kwenye simu mbili. Mtoto wa nyumba ana miaka 19 na amecheza Call of Duty: Mobile kwa miaka miwili. Mtoto wa shangazi yake, mwenye miaka 16, alifika na familia yake kutoka kijiji cha upande wa Oicha. Hakuja na vitu vingi, ila baba yake alikuwa na simu. Jioni za kwanza walicheza timu kwa timu. Mkubwa aliingia na klasi aliyoitengeneza mwenyewe. Katika mchezo huo, tangu mwaka 2020, bunduki moja inaweza kufungwa vifaa vitano, na mkubwa alikuwa amefungua karibu vyote. Mgeni alikuwa na bunduki ya kuanzia, ile M4, bila kitu juu yake. Alikufa, akarudi, akafa tena.

“Mukubwa, huu si mchezo,” alisema. “Weye uko na vyote, miye niko na hii tu.”

“Nilivitafuta,” mkubwa alijibu. “Hakuna aliyenipa.”

Alisema kweli. Pesa za mega alizipata kwa kubeba mizigo sokoni, na alikesha usiku mwingi kufungua vifaa vile. Tena klasi yake ina sababu. Simu yake ni ya zamani, kioo kina ufa upande wa kulia, na mtandao unakwama mara kwa mara. Kulenga mtu wa mbali hawezi. Kwa hiyo alijipangia klasi ya kupigana karibu, ya kukimbia na kujificha nyuma ya kuta. Klasi iliyopangwa na kampuni haijui simu ya mtu ina ufa wapi. Huo ndio uzuri wa kujitengenezea: mtu anapanga kulingana na alicho nacho.

Lakini mgeni alisikia neno lingine. Kwa mtu aliyeacha nyumba, shamba na shule katikati ya mwaka, kuanza tena kwenye ngazi ya kwanza kunauma, hata kwenye simu. Binamu yake ana kitanda, ana marafiki mtaani, na sasa ana bunduki nzuri pia. Kijana akaacha kucheza. Baadaye akaacha hata kukaa na wenzake jioni. Mama yake alidhani ni mawazo ya vita. Yalikuwamo, lakini hayakuwa peke yake.

Aliyefungua njia ni dada yao mdogo, ambaye huwa anatazama tu. Aliuliza kwa nini hawachezi ule mchezo mwingine, wa kuruka kutoka kwenye ndege. Call of Duty: Mobile, tangu ilipotoka Oktoba 2019, ina njia zote mbili ndani yake. Katika mchezo wa ndege, watu wanaweza kufika 100, wanashuka kwenye uwanja mkubwa, na silaha nyingi wanaziokota chini. Kabla ya kushuka kila mmoja anachagua klasi iliyokwisha kupangwa. Mwanzoni zilikuwa sita, na moja ni Medic, anayeweka kituo cha kuwatibu wenzake walio karibu.

Mgeni akachagua huyo. Siku hiyo mkubwa alipigwa mapema, akaanguka, na aliyemfikia na kumwinua ni mdogo wake. Miaka miwili ya kucheza haikumsaidia kitu pale chini, alihitaji mganga. Walimaliza karibu na mwisho, na kelele zao zikamfanya mama wa nyumba atoke jikoni kuuliza kuna nini.

Klasi iliyopangwa ina shida zake pia. Kwanza, mchezo wa ndege ni mrefu. Mchezaji mmoja anashika simu dakika nyingi, wengine wanangoja, na kuchaji simu kibandani si bure. Pili, wengi wanataka kupiga, wachache wanataka kutibu. Mchezo wa Overwatch, uliotoka mwaka 2016, ulipata shida hiyo mpaka mwaka 2019 ukaweka sheria kwamba timu ya watu sita iwe na walinzi wawili, washambuliaji wawili na waponyaji wawili.

Lakini uhuru mwingi nao umewahi kushindwa. Battlefield 2042 ilipotoka Novemba 2021 iliacha klasi zake za zamani na kumruhusu kila mchezaji abebe silaha yoyote anayotaka. Wachezaji wengi walilalamika kwamba kazi ya timu imepotea, kwani haijulikani nani anatibu na nani anatengeneza. Mwanzoni mwa mwaka 2023 klasi zikarudishwa, nne.

Kwa nyumba iliyopokea wageni, funzo linaeleweka. Pale ambapo watu hawaanzi sawa, inafaa kuanza na klasi iliyopangwa, kwa sababu inampa aliyefika leo kazi ambayo wengine wanaihitaji. Klasi ya kujitengenezea ije baadaye, mgeni akishapata vyake vya kuchagua. Mzazi hahitaji kujua kucheza ili aone tofauti hiyo. Inatosha kuuliza watoto: katika mchezo wenu, anayeanza leo anaingia na nini?

Vijana hao wawili wameweka sheria zao. Siku za kazi, mchezo mmoja wa ndege kwa jioni, kisha simu inakwenda kwa mwingine. Jumamosi wanafungua chumba chao cha faragha, timu kwa timu, na mkubwa anakubali kutumia M4 isiyofungwa kitu. Mama wa nyumba aliongeza sheria moja: sauti ifungwe kabisa usiku, kwa sababu watoto wadogo waliokimbia wanashtuka wakisikia risasi, hata za simu. Vijana wanalalamika kwamba bila sauti hawasikii hatua za adui. Wameitii.

Mgeni sasa amefungua bunduki kadhaa na anajaribu klasi yake ya kwanza. Kinachobishaniwa jioni ni kitu kingine: zamu ya nani kuwa mganga.