Kwetu Mgori Ugali Unaliwa kwa Lugha Nne

Wasomaji wangu, kimya changu cha wiki mbili kilikuwa cha heri. Sijaumwa, sijaacha kuandika, na wala sijateuliwa kuwa mkuu wa wilaya kama jamaa yangu mmoja alivyoanza kunizushia. Nilikuwa kijijini kwetu Mgori, mkoani Singida, ambako ukitaka mtandao unapanda juu ya jiwe, na ukishafika juu unakuta kuna wenzako wawili walishawahi nafasi. Sikuona sababu ya kugombania jiwe.

Leo nataka kuongelea lugha za nyumbani. Najua wapo watakaosema, "Huyu naye kaanza ukabila." Subirini kwanza, nitafika huko.

Kwa wasiopajua, Mgori ni kata ya Singida Vijijini. Wenye kusomea misitu wanalijua jina hilo, maana katikati ya miaka ya 1990 vijiji vya pale vilikabidhiwa kuutunza msitu wao wenyewe, na habari zake zikasimuliwa hadi nje ya nchi. Ukiukata msitu ule kuelekea jua linakochomoza unakwenda kukutana na watu wa Kondoa na Chemba, na kaskazini wako wa Hanang. Sisi wenyeji tunaitwa Wanyaturu, ingawa wazee wetu hujiita Warimi na lugha yao Kirimi.

Sasa sikiliza hii, maana hata mimi niliijua ukubwani. Ukizunguka mkoa wa Singida na majirani zake unakutana na lugha za koo ambazo hazina undugu kabisa. Kuna Wabantu: Wanyaturu, Wanyiramba, Waisanzu, Warangi. Kuna Wairaqw, ambao wengi tunawaita Wambulu, na Waburunge, ambao lugha zao ni za Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali. Kuna Wabarabaig na ng'ombe wao, hao ni Waniloti, jamaa wa Wamasai kwa mbali. Halafu kuna Wasandawe na Wahadzabe, ambao maneno yao yana ile milio ya ulimi kama mtu anayemhimiza punda. Zamani hao wawili waliwekwa kapu moja, lakini wataalamu wengi sasa wanasema Kihadzabe kiko peke yake, hakina ndugu duniani. Mwaka 2008 Roland Kießling, Maarten Mous na Derek Nurse waliandika juu ya eneo hili la Bonde la Ufa na jinsi lugha hizi zilivyoazimana mambo kwa kukaa jirani muda mrefu. Watu wanatoka Ulaya kuja kusikiliza majirani zetu wakisalimiana! Sisi tunapita na basi, tunanunua kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti, tunaendelea na safari.

Turudi nyumbani. Bibi yangu mzaa baba ana miaka 80 na kidogo. Kiswahili alikipata ukubwani, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970, na alikuwa akikizungumza kwa madoido kabisa. Mwaka 2024 akapata kiharusi. Mungu ni mwema, alipona, anatembea kwa fimbo. Ila Kiswahili kiliondoka. Kinyaturu kikabaki.

Daktari mmoja alituambia kwamba jambo hili linajulikana. Nikaenda kusoma, nikakuta Mfaransa Théodule Ribot aliandika mwaka 1881 kwamba kumbukumbu zinapobomoka, za karibuni hutangulia na za zamani hudumu. Mwenzake Pitres mwaka 1895 akasema hapana, inayorudi kwanza ni ile lugha mtu aliyoizoea zaidi. Kwa Bibi wote wawili wamepata, maana Kinyaturu ndicho cha kwanza na ndicho alichokizoea.

Lakini kabla hatujasoma hayo, pale wodini (siitaji hospitali) alikuwa akiulizwa maswali kwa Kiswahili na kujibu kwa Kinyaturu, na kwenye karatasi ikaandikwa kwamba amechanganyikiwa. Usiku mzima akawa anasema neno moja. Asubuhi mama mmoja mfagizi, mtu wa kwetu, alipopita na ndoo yake akasimama, akaenda akafunga dirisha. Bibi alikuwa anasikia baridi. Mnaoujua upepo wa Singida mtanielewa.

Hilo dirisha halijanitoka kichwani mpaka leo. Kiswahili ndicho kilichonizaa mimi, tena sisemi kwa mfano. Baba ni Mnyaturu, mama ni Msukuma wa Shinyanga, walikutana JKT mwaka 1989, na bila Kiswahili wangeishia kutazamana. Sina ugomvi nacho hata kidogo, kinanipa ugali. Lakini watoto wa dada yangu, waliozaliwa Dar, walikuwa wakiongea na Bibi kwa simu kila Jumapili, kwa Kiswahili. Baada ya kiharusi simu zile zikawa za kupumuliana. "Shikamoo Bibi." Kimya. Kisha maneno ambayo mtoto hayajui. Mdogo wao, binti wa miaka saba, akamwuliza mama yake, "Bibi amekasirika?"

Ndipo dada akasema mwaka huu Krismasi ni Mgori, wote, na mtu asilete visingizio vya likizo. Tukapanda treni ya umeme hadi Dodoma, tukamalizia kwa basi.

Nyumba ikajaa. Bibi na Kinyaturu chake. Mama na Kisukuma chake. Mke wa baba mkubwa, ambaye ni Mrangi wa Kondoa. Sisi wengine na Kiswahili. Ndiyo lugha nne za kichwa cha habari. Kiingereza cha shule za watoto sikukihesabu, kwa sababu mbele ya ugali wa uwele na mlenda hakikujitokeza.

Kuna kitu niligundua siku ya pili. Mama anamsema Mnyaturu kwa Kinyaturu kisafi kuliko mimi niliyezaliwa na Mnyaturu. Siku zote nilidhani ni kipaji. Kumbe sababu ni ya kawaida kabisa: Kiswahili kina vokali tano, lakini Kinyaturu kina saba, Kisukuma saba, Kirangi nacho saba. Masikio ya mama yangu na mama mkubwa yalikuja yameshafunguliwa. Sisi tuliokulia kwenye tano tunasikia sauti mbili tofauti tunadhani ni moja, tunasema neno hili tukikusudia lile, na wazee wanaangua kicheko. (Na ndiyo maana siwaandikii maneno ya Bibi hapa. Kwa herufi hizi tano ningeyaharibu.)

Ila tuna la kujivunia: gh. Tazameni majina ya vijiji vyetu, Mughunga, Nduamughanga. Marehemu Mama Anna Mghwira, mwana Singida aliyegombea urais mwaka 2015, nilisikia watangazaji wangapi wakimwita "Mgwira"! Waswahili wa bara wengi wanasema "gali" na "gafla", tena wanasema "luga". Mnyaturu hana shida hiyo, neno "lugha" analitamka kama Mswahili wa pwani. Yule mpwa wangu alipokisoma kibao cha Nduamughanga aliuliza kama huyo "mughanga" ni mganga aliyepata mafua. Bibi alipotafsiriwa alicheka upande mmoja wa mdomo, ule unaofanya kazi.

Mama mkubwa naye alikuwa na lake. Kwa Kirangi, kitu kitakachotokea baadaye kinasemwa kwa kutanguliza kitendo, halafu kile kinachoonyesha nani na lini kinafuata nyuma. Ni kama useme "kuchota nita maji". Mabinti wakaichukua, siku nzima ikawa "kula nita mlenda", "kulala nita sasa hivi". Mama mkubwa akawa anawatoza faini ya kuni kila wanapokosea.

Lakini iliyomfungua Bibi ni hesabu. Mama alikuwa anamfundisha yule wa miaka saba kuhesabu kuku kwa Kisukuma. Alipofika saba akasema "mpungati". Mtoto akataka kujua mbona haifanani na saba. Nami nikapata nafasi ya kujidai: sita, saba na tisa tumezipata kwa Waarabu. Kiswahili cha zamani kilikuwa na tandatu kwa sita, na kenda kwa tisa, ambayo wazee wa pwani wanaijua hadi leo. Na saba ya zamani? Imejificha harusini! Fungate, zile siku za maharusi kukaa ndani, ni siku saba. Fungate na mpungati ni mtu na ndugu yake. Mtoto hakujali sana habari za maharusi, akaendelea na kuku wake, akichanganya Kisukuma na Kiswahili.

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake ukutani, anasikiliza. Mara akapiga fimbo chini. Akahesabu mwenyewe kwa Kinyaturu, moja hadi kumi, polepole, akimtazama mtoto. Tatu yake ilikuwa tatu, mtoto akairukia kwa kelele kama aliyeokota hela. Kuanzia hapo kila asubuhi walihesabu kuku, baadaye mbuzi, baadaye sisi. Tangu augue, hakuna aliyekuwa amemsikia akisema maneno mengi namna ile bila kuulizwa.

Sasa hoja ya ukabila. Naelewa hofu ya wazee wetu waliojenga nchi. Na mimi ni mwandishi, nimefuatilia yaliyosemwa kwenye baadhi ya redio za lugha za makabila kule Kenya wakati wa uchaguzi wa 2007. Hapa kwetu kanuni zinataka redio zitangaze kwa Kiswahili au Kiingereza, na sijaja kupigana nazo leo. Lakini Rwanda mwaka 1994 waliuana watu wanaoongea lugha moja, Kinyarwanda. Chuki haihitaji mkalimani. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye atlasi yake ya 2009, ulihesabu lugha zaidi ya 150 nchini. Sioni mtoto anayejua mbili au tatu kati ya hizo anamdhuru nani. Ninachokiona ni wodi nyingine, bibi mwingine, na dirisha ambalo hakuna wa kulifunga.

Tumerudi Dar. Dada ameanzisha utaratibu: kila Jumapili binti anamtumia Bibi ujumbe wa sauti kwa simu ya baba mkubwa, anamhesabia alichokiona wiki hiyo. Wiki ya kwanza alihesabu daladala. Ya pili, paka wa jirani. Jumapili iliyopita alihesabu meno yake mwenyewe, na pengo pia akalihesabu. Jibu likaja usiku, baba mkubwa alipopanda jiweni. Ni sauti ya Bibi, sekunde kama ishirini. Amekataa ile nne. Anataka irudiwe.