Furu, Bondo na Madaftari ya Nyegezi

Nilipoanza kazi Nyegezi, pembeni mwa Mwanza, mapema miaka ya themanini, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ilikuwa changa kama mimi. Sheria ya kuiunda ilipitishwa mwaka 1980, miaka mitatu baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Kabla ya hapo utafiti wa Ziwa Victoria zima ulikuwa na makao yake Jinja, Uganda, tangu mwaka 1947. Jumuiya ilipokufa, kila nchi ikabaki na kilichokuwa upande wake. Wakenya walianzisha taasisi yao, KMFRI, mwaka 1979. Wazee tuliowakuta kazini waliizungumzia Jinja kama ndugu wanavyozungumzia nyumba ya urithi iliyogombaniwa: maktaba ile, boti zile, na nani alibaki na nini.

Kazi niliyopewa ilikuwa kupanga furu. Wavu wa kukokota ulipopandishwa kutoka Ghuba ya Mwanza na kumwagwa, kilichotapakaa mbele yetu kilikuwa karibu furu watupu, vijisamaki vya kutosha kiganjani. Uchunguzi wa ziwa zima uliofanywa kati ya 1969 na 1971 ulikuwa umeonyesha kwamba furu ni kama asilimia 80 ya uzito wa samaki walionaswa karibu na sakafu ya ziwa. Kwa mvuvi wote walikuwa furu, basi. Kwa mama aliyewakausha ili auze kwa mafungu, hali kadhalika. Ila wanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walioanza kazi Mwanza mwaka 1977 na Frans Witte akiwa miongoni mwao, walikuwa na habari nyingine: ndani ya ndoo ile moja mlikuwa na spishi chungu nzima, nyingi hazijapewa jina na mtu yeyote.

Tuliwatenga kwa meno, kwa umbo la taya, kwa rangi ya dume kabla haijapauka. Huyu hula konokono. Huyu hunyofoa magamba ya wenzake. Yule, mjanja kuliko wote, huwavizia majike wanaoatamia mayai mdomoni na kuwapora watoto. Mmoja wa visiwa vya mawe, mwenye dume la mgongo mwekundu, alipewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985: nyererei. Tulitaniana kwamba angalau huyo hatashushwa cheo.

Nakiri kwamba wengi wetu vijana hatukuona maana yake. Nchi ilikuwa ya foleni, sukari ya kutafuta, dizeli ya boti ya kuombea, nasi tumekaa na harufu ya fomalini machoni tukihesabu miiba ya pezi. Kilichochosha zaidi ni kurudia. Tulivuta wavu palepale, kwa kina kilekile, muda uleule, kisha tukaandika daftarini. Mwezi uliofuata, hivyo hivyo.

Ndipo sangara alipotufikia. Alikuwa ameingizwa ziwani upande wa kaskazini tangu miaka ya hamsini, akakaa kimya miaka mingi, kisha akalipuka. Ghuba ya Mwanza ilimpokea kwa wingi kuanzia mwaka 1983 hivi. Mwanzoni tulipompasua tumbo tulikuta furu. Baadaye tulikuta uduvi, dagaa, na watoto wake mwenyewe. Kwenye daftari safu za furu zilianza kupungua tarakimu, kisha zikawa vistari vitupu. Kufikia mwishoni mwa muongo huo tuliweza kuvuta wavu kwenye maji ya kina tusipate furu hata wa kuonjea. Inakadiriwa ziwa lilikuwa na spishi 500 au zaidi za furu, na huenda 200 zimetoweka. Hesabu hiyo isingewezekana bila ile kazi ya kuchosha ya kabla ya sangara. Hakuna aliyeagiza daftari zile kwa ajili ya msiba huo. Zilikuwepo tu, kwa sababu mtu alilipwa mshahara wa serikali ili ajaze safu.

Miaka ya tisini ikaleta viwanda vya minofu, ndege za mizigo, na mapanki mitaani, yaani mifupa ya sangara iliyokwisha kutolewa minofu. Swali likabadilika. Hakuna tena aliyeuliza samaki huyu ni nani. Wakubwa walitaka kujua wamebaki tani ngapi na kiwanda kinaweza kuchukua kiasi gani. Ni swali halali, lina chakula cha watu ndani yake. Ila wale waliojua kumtambua furu kwa meno walistaafu mmoja mmoja, na ujuzi huo haukuwa na fungu kwenye bajeti.

Tangu 1999 tani hizo zinakadiriwa kwa sauti. Boti inatuma mlio majini na kusikiliza mwangwi ukirudi. Mvuvi mmoja wa mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, aliniuliza, "Bwana samaki, sasa mnahesabu na wasiovuliwa?" Nilimweleza kwamba sehemu kubwa ya mwangwi wa samaki hutoka kwenye bondo, ule mfuko wa hewa tumboni. Akacheka sana. Wakati huo bondo lilikwisha kuwa na wachuuzi wake, na leo mabondo yaliyokaushwa yanasafirishwa hadi China kwa bei inayoufanya mnofu uonekane wa bure. Kiungo kinachotuwezesha kumhesabu sangara ndicho kinachomfanya awindwe akiwa mkubwa, yaani mzazi. Mimi sijaona kejeli kubwa kuliko hiyo katika kazi yangu yote.

Watu nao wakaanza kuhesabiwa. Sensa ya uvuvi ya mwaka 2000, katika nchi zote tatu, ilipata wavuvi wapatao 129,000; ya 2016 ilipita 200,000. Takwimu za mialoni, zilizokuwa zikitufikia kwa karatasi zenye madoa ya mafuta ya samaki, sasa zinaingizwa kwa simu.

Halafu furu wachache wakarudi. Sangara walipopunguzwa na nyavu, baadhi ya wale wa maji ya wazi walianza kuonekana tena, na walipolinganishwa na wenzao waliohifadhiwa kwenye chupa tangu zamani, ilionekana wamebadilika: mashavu yao yalikuwa na eneo kubwa zaidi la kuvutia hewa. Ziwa lilikuwa limejaa rutuba na mwani, oksijeni imepungua, na samaki wakalifuata. Chupa zile za fomalini tulizozichukia ndizo zilizotoa ushahidi.

Siku hizi vijana wa Nyegezi wanaulizwa zaidi juu ya vizimba vya sato. Mwenye kizimba hana haja na furu. Anataka kujua maji yake yana hewa kiasi gani. Maji mazito ya chini, yasiyo na hewa ya kutosha, yakipanda usiku, samaki wa ziwani hukimbia, wa kizimbani hana pa kwenda, na asubuhi mkopo wote unaelea. Kwenye daftari zetu, kando ya safu za furu, kulikuwa na safu moja nyembamba ya oksijeni kwa kila kina, tuliyoijaza kwa kuharakisha ili tuwahi kurudi nchi kavu. Mwaka jana kijana mmoja alinipigia simu kuuliza kama mwandiko fulani ni 3 au 8.